Wazee Wasioanguka

Mtu akitaka kuniudhi hadi leo, aniambie kwamba kuhesabu ni kazi rahisi. Niliwahi kuhesabu wazee wa Gisenyi, zama za Wabelgiji, na mpaka tunaacha kazi ile sikuwa najua mzee ni nani, kuanguka ni nini, wala kwa nini Mungu alinipa baba kama yule aliyenipa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, habari ambayo haina haja ya kuelezwa hapa, na nilikuwa nafua bendeji hospitalini. Bendeji za wakati ule hazikutupwa. Zilifuliwa, zikachemshwa, zikaanikwa nyuma ya jiko, na upepo wa ziwani ukizikuta huko ulizisokota zikawa fundo moja kubwa, nami nikakaa chini nusu siku kulifungua. Daktari wetu alikuwa Mbelgiji mwembamba mwenye shingo nyekundu. Alikuwa amefanya kazi Kongo miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili cha kule alikijua, ila Kinyarwanda kilimshinda kabisa. Mimi Kinyarwanda nilikinyonya kwa mama, Kiswahili nilikipata kwa baba. Siku moja akanitoa kwenye bendeji, akaniweka kwenye maswali.

"Mama," aliniambia, "kwetu Ulaya wazee wanavunjika hapa." Akajipiga pale juu ya paja ambapo mfupa wa mguu unaingia kwenye nyonga. "Muzee anaanguka kidogo tu, ndani ya nyumba, na mufupa inakatika. Lakini hapa, tangu nifike, mwanaume muzee mwenye mufupa ile sijamuona hata moja. Donc, hawavunjike? Ao wanavunjika na hawakuje?"

Akanieleza kazi. Lazima kwanza tujue wazee wanaume ni wangapi mjini na vilimani. Halafu tujue wangapi kati yao wamevunjika nyonga. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, alisema, unapata kipimo, na kipimo hicho unaweza kukilinganisha na cha Ulaya. Nikaona ni jambo la akili. Nilifurahi hata nikavaa viatu.

Wiki hiyo hiyo baba akaanguka.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wetu wa Waswahili. Alitoka Ujiji akiwa kijana, alitembea mpaka Gisenyi kwa miguu na mizigo ya wafanyabiashara, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kukaa naye kikombe kizima cha kahawa bila kusikia habari ya miguu ile. Mwendo wake ulijulikana. Kanzu nyeupe, koti jeusi, mgongo wima. Alipita katikati ya njia hata kama njia ina matope. Alfajiri ile alikwenda kutawadha msikitini, na penye birika pamejengwa kwa yale mawe meusi ya volkano ambayo yakilowa huteleza vibaya. Akateleza. Hakuna aliyemwona. Akarudi nyumbani akishika ukuta, akajilaza, na kulipokucha mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo umegeukia nje.

Nilikuwa nimetoka kuelezwa na daktari, neno kwa neno, kwamba hiyo ndiyo alama. Nikasimama pale mlangoni na uji mkononi.

"Baba, umevunjika nyonga."

"Ni baridi," akasema. "Imeingia mguuni."

"Baridi haifupishi mguu."

"Wewe umeanza lini kupima miguu ya wanaume?"

Basi ndivyo tulivyoanza. Mchana nilizunguka vilimani kuwatafuta wazee waliovunjika, na jioni nilirudi kwa mmoja aliyekuwa kitandani mwetu na ambaye hakuvunjika. Alikataa katakata kwenda hospitali. Gari la daktari lisingeingia mtaani kwetu kwa ajili ya mawe, na hata lingeingia, kumrusharusha mtu mwenye mfupa uliokatika si dawa. Ilibidi abebwe. Na baba hakutaka kubebwa.

"Mwanaume hubebwa mara moja," alisema. "Na siku hiyo haulizwi."

Alimaanisha jeneza. Nilimwambia kwamba akiendelea hivi siku hiyo itafika mapema. Akanigeuzia uso ukutani. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu mimi hutoka kama hasira, kwa hiyo niligombana na masufuria mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Nikawaambia baba ana baridi. Ningesema nini tena? Mwenyewe alikuwa anasikiliza.

Nirudi kwenye hesabu. Tatizo la kwanza lilikuwa mzee. Daktari alitaka umri, na umri watu wetu walikuwa hawahesabu kwa miaka. Mtu alikuambia alikuwa anachunga mbuzi Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wanapigana na Wabelgiji hapa hapa mpakani, au alikuwa amekwisha kuoa. Hilo ningeliweza. Lakini wazee walikuwa wamesamehewa kodi ya kichwa na kazi za barabara, na wanaume wa vilimani walipomwona Mzungu anauliza nani ni mzee, waliona mlango umefunguliwa. Kilima kizima cha Cyanzarwe kikazeeka siku moja. Nilimkuta mmoja ametoka shambani, kifua kama mlango, mtoto mchanga yuko mapajani.

"Mi niko muzee sana," akaniambia. "Andika."

"Na huyu mtoto?"

"Huyu ni ya uzee."

"Na hizo nywele nyeusi?"

"Ni za baba yangu. Yeye pia alikufa nazo nyeusi. We andika, mama, usichokeshe mutu muzee."

Daktari alisimama pembeni, kofia mkononi, akitikisa kichwa kwa heshima. Alimwamini. Nililazimika kumwambia njiani kwamba mzee yule anaweza kumbeba yeye na mimi pamoja mpaka ziwani.

Tatizo la pili lilikuwa kuanguka. Nilikuja kujua kwamba katika nchi ile hakuna mwanaume mzima aliyewahi kuanguka. Watoto huanguka, walevi huanguka, mvua huanguka, lakini baba wa watu haanguki. Busasamana, chini ya volkano, tulikaribishwa katika nyumba ambayo nyuma ya kizuizi cha matete mtu alikuwa anaguna. Mkewe, bibi mmoja mwenye sauti ya upole, alitupa viazi.

"Anapumzika," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipande hivi viazi."

"Alianguka?"

"Apana. Alikaa chini, akakawia kusimama."

Nilitazama kile kiazi mkononi mwangu na kukihesabia miezi. Nikaomba niruhusiwe kumwona. Bibi akasema mume wake hawezi kuongea nyonga na mwanamke, tena mwanamke wa mjini mwenye viatu. Daktari akaingia peke yake. Mule ndani hakukuwa na mkalimani, wakanyamaziana kwa adabu, kisha akatoka akasema ameona mguu uliofupika. Lakini mwenyewe amekataa kuwa na kitu, na mtu aliyekataa, je, anahesabiwa? Nikamwambia aamue mwenyewe, daktari ni yeye, si mimi. Akasema swali ni zuri. Mimi nilikuwa nimechoka na maswali mazuri.

Tukamtafuta muunga mifupa, kwa sababu ni yeye aliyeitwa kila nyumba. Huyu alikuwa mtu wa upande wa Rubavu, mpole, mwenye vidole virefu, na kwa vidole vya mikono na vifundo vya miguu sijui kama hospitali ingemshinda. Daktari akamuuliza amewaunga wazee wangapi wa nyonga.

"Wengi."

"Wangapi walitembea?"

"Wote niliowaunga walitembea."

"Na wasiotembea?"

Muunga mifupa akafikiri. "Wale sikuwaunga. Niliwapaka tu siagi."

Daktari akaandika, akafuta, akaandika tena. Mimi nilimtazama muunga mifupa kwa jicho la pembeni, maana jana yake alikuwa ameketi kwetu, anampaka baba siagi.

Halafu daktari akafanya kosa lake mwenyewe, na hili nilimkataza. Aliona aibu kula viazi vya watu bure, akaamua kila nyumba yenye mgonjwa wa nyonga ipewe chumvi kidogo kama shukrani. Chumvi! Tuliporudi Cyanzarwe kilima kizima kilikuwa kinachechemea. Walichechemea kuja kwetu kwa mguu wa kulia, wakachechemea kwenda kwao kwa mguu wa kushoto. Yule mwenye mtoto mchanga alikuja akishikiliwa na watu wawili. Kwa hiyo kabla ya chumvi hatukuwa na hata mmoja, baada ya chumvi tukawa nao wote, na daktari akaketi juu ya jiwe akaniuliza, "Mama, ukweli iko wapi?"

Nikamwambia, "Ukweli mmoja ninao nyumbani. Ni baba yangu, na hataki kubebwa."

Daktari alikuja siku ya pili, kwa miguu, akiruka mawe ya mtaani kwetu kama korongo. Baba alikuwa amepata habari. Alinilazimisha mimi na jirani tumwinue, tumvishe kanzu na koti, tumketishe nyuma ya cherehani yake penye baraza. Alipokaa alifumba macho muda mrefu, nikadhani anazimia. Kisha akayafungua, akavaa kofia yake vizuri.

"Karibu, daktari. Binti yangu, lete kahawa."

Wakanywa kahawa ya tangawizi. Wakaulizana habari za Kongo, za Ujiji, za bei ya nguo. Daktari akasema ana furaha kumwona mzee ni mzima. Baba akasema alhamdulillahi, ni baridi kidogo tu. Na kabla daktari hajapata pa kuingilia, baba akavuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni.

"Suruali hiyo alikushonea nani?"

"Mutu wa Bukavu."

"Amekuonea. Simama hapa mbele."

Na Mzungu, kwa kuwa alilelewa vizuri, akasimama. Baba akampima kiuno. Akampima nyonga, akampima urefu wa mguu kwa ndani na kwa nje, akiwa amekaa pale pale bila kusogeza sehemu ya chini ya mwili wake hata kidogo, na jasho linamtoka kwenye ndevu na kudondokea kwenye futi. Daktari alikuwa ameinua mikono yake kama mtu anayekamatwa.

"Una nyonga nyembamba," baba akamwambia. "Wewe ndiye ukianguka utavunjika."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga mtu. Daktari alishukuru, akaaga, na kwenye kona akanisimamisha.

"Nimeona mguu," alisema. "Wakati alikuwa ananipima mimi, nilikuwa napima yeye. Sikia, mama. Akibaki hivi mufupa haitashika, hatatembea tena. Akilala hivi siku mingi bila kugeuzwa, mapafu itajaa. Lazima nivute mguu ile na kamba na uzito, wiki mingi. Lakini siwezi kumukamata kwa nguvu. Ni baba yako."

Kana kwamba nilikuwa nimesahau ni baba wa nani.

Kilichomshinda baba hatimaye hakikuwa daktari wala mimi. Idi ilikuwa inakaribia, na alikuwa na kanzu za mtaa mzima zimekatwa, zimepangwa, hazijamalizwa kushonwa. Asubuhi iliyofuata alitaka tena aketishwe kwenye cherehani. Ilikuwa cherehani ya miguu. Akaweka kitambaa chini ya sindano, akateremsha chuma, akasubiri mguu uanze. Mguu haukuanza. Akauinua kwa mikono miwili, akauweka juu ya kikanyagio, ukabaki pale kama kiatu kilichosahauliwa na mgeni. Akajaribu na wa kushoto, lakini kila alipokanyaga maumivu yalimkata upande wa pili. Gurudumu lilizunguka nusu, likarudi nyuma, uzi ukakatika.

Aliutoa uzi kwenye sindano polepole. Akakunja kitambaa. Hakunitazama.

"Nipelekeni," akasema. "Lakini mnifunike. Uso na mwili. Mtu asinione."

Nililia, na kwa kuwa nililia nilimkubalia kila kitu bila kufikiri, na huo ndio ujinga wa kulia. Nikatuma watu Cyanzarwe kwa wabebaji. Kule vilimani kila kundi la majirani lilikuwa na ingobyi yake, machela ya kusuka kama kapu refu lenye miti miwili ya kuweka mabegani, na wanaume wa zamu wa kuibeba. Baba aliamuru tupite saa sita kamili, watu wakiwa majumbani kwa sababu ya jua, kabla ya sala ya adhuhuri. Wabebaji walikuja wamechelewa.

"Bon," alisema mkubwa wao, "tulipita kwanza kwa shemeji."

Tukamlaza baba, tukamfunika blanketi jembamba jeupe kutoka utosini mpaka vidoleni kama alivyotaka, wakamwinua. Nami nikafuata nyuma, nimejitanda kanga, macho mekundu, namgombeza kimoyomoyo na mara nyingine kwa sauti.

Njia ya hospitali inapita mbele ya msikiti. Na tulifika pale wanaume wanatoka kwenye sala.

Sasa fikiria wanaume wa mtaa wa Kiislamu, wametoka kusali na nyoyo zao laini, wanaona mtu amefunikwa kwa nguo nyeupe, yuko mabegani, na nyuma yake binti ya fundi analia. Wote walijua fundi ana ugonjwa. "Innalillahi," akasema wa kwanza, na wengine wakaitikia. Kwetu jeneza haliwezi kupita mbele ya mwanaume naye akasimama tu. Lazima atie bega, hata hatua chache, apate thawabu, ampokeze mwingine. Wakaja mbio. Wabebaji wangu wa Cyanzarwe ni Wakristo wa kilimani, hawakujua lolote. Waliona tu mabega mapya yanaingia chini ya miti na yao yanaachiwa.

"Watu ya musikiti wako wazuri," mkubwa wao akaniambia, akitoa kiko chake. "Wanasaidia."

Nikapiga kelele. Nikasema baba yangu yuko hai. Mzee mmoja wa msikitini, rafiki wa baba wa miaka yote, akanishika bega kwa huruma.

"Ndivyo tunavyosema sote, mwanangu. Rudi nyumbani. Wanawake hawafuati."

"Yuko hai, anakwenda hospitali!"

"Mwacheni," akawaambia wengine. "Ni uchungu. Akili itamrudia."

Na baba chini ya blanketi kimya. Neno moja tu lingetosha. Kikohozi kingetosha. Wakamwingiza uani mwa msikiti, pale pale karibu na birika lililomwangusha, wakamweka chini, wakapanga safu. Mimi nilibaki langoni, nimeshikwa mikono na wanawake wawili waliokuja mbio kunifariji. Nilimwona mwalimu wa msikiti anasogea mbele. Ni desturi kabla ya kumswalia maiti kuuliza kama kuna mtu mwenye haki yake kwa marehemu, aseme, ili asiende na deni la mtu. Mwalimu akauliza. Kisha kijana mmoja muuza samaki akasafisha koo.

"Mimi sina neno," akasema, "Mungu amrehemu. Ila kitambaa changu cha Idi kiko kwake."

Na blanketi likasema, "Kitambaa chako kimeshonwa. Bado mikono."

Sitaeleza sana yaliyofuata. Waliokuwa safu ya mbele walirudi nyuma, waliokuwa nyuma hawakujua kwa nini, mtu akaanguka juu ya mtu. Ndiyo, wanaume wazima wakaanguka, tena wengi, mchana kweupe, na hakuna aliyesema ni baridi. Muuza samaki alikimbia mpaka akakisahau kiatu chake. Mwalimu peke yake alibaki amesimama, akafunua blanketi, na baba akamtazama kutoka chini.

"Assalam alaikum," baba akasema.

Nilimuuliza baadaye, kwa maneno ambayo binti hapaswi kumwambia baba yake, kwa nini alinyamaza. Alisema alidhani watamaliza dua na kuondoka, naye ataendelea na safari yake bila kuonekana. "Na dua ni dua," akaongeza. "Haiozi."

Jioni hakukuwa na nyumba mjini ambayo haikujua kwamba fundi alianguka penye birika, kama alivyokiri hatimaye mwenyewe, na kuvunjika nyonga. "Mficha ugonjwa kifo humuumbua," watu walitaniana, "lakini fundi kaumbuka bila kifo." Pale uani wanaume wa msikiti walikuwa wamekataa kuwarudishia wabebaji wa Cyanzarwe miti yao. Kama thawabu ya maiti imewaponyoka, walisema, basi watachukua ya mgonjwa. Wakampokezana mpaka hospitalini, taratibu kuliko mabega ya kukodi, na kila aliyeingia chini ya mti alimwambia neno la kumchekesha. Baba alibaki uso wazi. Nilimwona anajaribu kukasirika, mara akashindwa.

Daktari akauvuta mguu ule kwa kamba na mawe ya mizani. Kabla ya kumpokea alimuuliza umri, kwa sababu alitaka kumwingiza katika hesabu yake ya wazee. Baba, ambaye alifika Gisenyi kabla Wadachi hawajaondoka, akasema yeye si mzee. Akataja umri ambao mimi nilikuwa naukaribia. Daktari akanitazama. Nikatazama dirisha. Yeye ni mtu wa kanuni, aliandika alichoambiwa, na kwa hiyo mzee pekee wa nyonga ambaye nilikuwa na hakika naye katika nchi nzima hakuhesabiwa.

Halafu wakaanza kuja. Habari ya fundi aliyeongea kwenye swala yake mwenyewe ilipanda vilimani mbali kuliko tulivyopanda sisi, na watu waliposikia kwamba hakufa, na kwamba aliyeaibika hakufa kwa aibu, milango ikafunguliwa. Waliletwa kwa ingobyi mmoja baada ya mwingine, wazee wa kweli, wenye miguu iliyofupika tangu mwaka huu na tangu miaka ya nyuma. Akaja mzee wa Busasamana aliyekawia kusimama. Nilidhani daktari atafurahi. Akashika kichwa. Wavunjikaji wa miaka mingi wameletwa pamoja, alisema, atajuaje sasa ni wangapi wa mwaka mmoja? Kipimo kimeharibika kabisa. Nikamwambia kipimo hakikuwahi kuwa kizima. Akacheka, akanirudisha kwenye bendeji, nami nikashukuru. Bendeji ukizihesabu hazikudanganyi.

Baba alitembea. Mguu wa kulia ulibaki mfupi, akamshawishi mshona viatu amwekee kipande cha tairi chini ya kisigino, na cherehani akajifunza upya kwa mguu wa kushoto. Mishono yake ya mwanzo ilikwenda upande. Kijana wa samaki alivaa kwenye Idi iliyofuata kanzu yenye mkono mmoja mrefu, akasema hawezi kulalamika kwa mtu ambaye hata kufa hakumzuii kujibu. Baba alirudia kupita katikati ya njia. Alichechemea wima, kama kuna kitu kama hicho.

Alifariki miaka mingi baadaye, kwa homa, akiwa amezeeka hata kwa kukiri mwenyewe. Jeneza la msikiti lililetwa mpaka barazani. Wanawake wetu tunaishia mlangoni, kwa hiyo nilisimama mlangoni. Wanaume walimwinua begani, lakini hawakuondoka. Hakuna aliyewaambia wasimame. Walisimama tu, na mtaa wote ukanyamaza, na nilijua wanasikiliza nini kwa sababu nami nilikuwa nasikiliza. Kwenye cherehani kulikuwa na kanzu ya mtu, imekatwa, bado mikono. Sema basi, nilimwambia moyoni, na hata saa ile nilikuwa nimemkasirikia. Wakasubiri kidogo tena. Kisha yule muuza samaki, ambaye naye ndevu zilikuwa zimeingia mvi, akatia bega lake chini ya mti, wakaondoka naye.